Kufuma na Kudarizi Uani Msimu wa Kaskazi: Dalili, Sababu na Tiba

Kaskazi ikishaingia, kuanzia Desemba hadi Machi, nyumba nyingi za pwani hazikaliki mchana. Bati linawaka, ukuta unatoa joto, feni inazungusha hewa ileile. Ndipo watu hutoka na kazi zao za mikono: foronya ya kudarizi, kofia ya viua, kitambaa cha kochi, kisweta cha mtoto anayetarajiwa. Wengine hukaa barazani, wengine uani, wenye bahati ya bustani hukaa chini ya mti. Wanafanya vyema, kwa sababu hakuna taa inayoshinda mwanga wa mchana kwa kazi ya sindano. Mboni ya jicho husinyaa penye mwanga mwingi, na jicho la namna hiyo huona vitu vidogo kwa ukali zaidi. Kitundu cha sindano kilichokusumbua usiku kizima hupitika mara moja asubuhi nje.

Tatizo ni kwamba kazi iliyokuwa ikienda vizuri ndani hubadilika tabia ikifika nje. Uzi unakwama, vitanzi vinabana, kitambaa cheupe kinapata doa lisilojulikana limetoka wapi. Mara nyingi mwenye kazi hulaumu mkono wake, hasa akiwa bado anajifunza, na wapo walioacha kabisa kwa kudhani hawana kipaji. Mimi nashikilia kwamba mkono ndio wa mwisho kulaumiwa. Kagua kwanza mahali ulipokaa, kisha uzi na vifaa, ndipo ufike kwenye mkono.

Kabla ya kusoma dalili mojamoja, fanya jaribio hili. Chukua kazi hiyohiyo, uzi uleule na sindano ileile, ingia ndani au ngoja hadi saa mbili asubuhi kungali na ubaridi, ufume safu chache. Tatizo likiisha, sababu ni mahali au saa. Likibaki, badilisha uzi. Likibaki bado, sasa tuzungumze kuhusu mkono.

Dalili: Uzi unanata kwenye sindano, na vitanzi vinazidi kubana

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote ya kaskazi, na karibu kila mara chanzo chake ni jasho.

Hewa ya pwani msimu huu imejaa unyevu, kwa hiyo jasho la viganja halikauki upesi. Vidole vyenye unyevu hukamata uzi kwa nguvu kuliko vidole vikavu. Wewe hukusudii kubana, ila uzi haupiti vidoleni kwa uhuru, kitanzi kinatoka kidogo, na safu inayofuata sindano haiingii. Unavuta kwa nguvu, unatoka jasho zaidi, kazi inabana zaidi. Joto pia huvimbisha vidole kidogo kwa sababu mishipa ya damu hutanuka, ndiyo maana pete iliyokaa vizuri asubuhi inakubana mchana. Ivue kabla ya kuanza.

Angalia uzi wako ni wa nini. Nyuzi nyingi za sweta zinazouzwa madukani kwetu ni za akriliki. Akriliki hainywi maji: katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa asilimia 1 au 2 hivi ya uzito wake, ilhali pamba hubeba takriban 8 na sufu ya kondoo takriban 16. Jasho la kidole likigusa pamba, pamba hulinyonya. Likigusa akriliki, hubaki juu ya uzi na juu ya sindano, na hapo ndipo mnato unapoanza. Ukiona uzi unalia kwa mlio mwembamba unapopita kwenye sindano, hiyo ni akriliki kwenye vidole vyenye jasho.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kubadilisha uzi. Msimu wa kaskazi ni msimu wa pamba. Vitambaa vya meza, vya kochi, kofia, foronya, mikoba, vyote hivyo vifume sasa. Pamba ina sifa nyingine inayowafaa watu wa pwani: ikilowa huongezeka nguvu, tofauti na sufu, ambayo hudhoofika ikiwa mbichi.

Kama ni lazima umalize kazi ya akriliki, badilisha sindano. Ya alumini au chuma laini huteleza kuliko ya mianzi au mti. Mti hunyonya unyevu, uso wake ukavimba na kuwa na chengachenga usizoziona ila uzi unazihisi. Ukipenda za mti, zisugue kwa msasa laini kabisa, kisha kwa kipande cha nta, ukafute hadi kisibaki kitu cha kuhamia kwenye uzi. Alumini nayo ina dosari moja: baadhi ya sindano, hasa mpya au zilizochubuka, huacha weusiweusi kwenye uzi mweupe. Ijaribu kwenye kipande cha pembeni kabla ya kuanza kitambaa cha harusi.

Viganja vioshe kwa maji baridi na sabuni isiyo na mafuta, uvifute vikauke, na uweke taulo ndogo mapajani ya kuvifutia kila baada ya safu mbili tatu. Wengine hupaka poda. Inasaidia kwenye uzi mweupe au wa rangi nyepesi. Kwenye uzi mweusi au wa samawati iliyokoza huacha vumbi ambalo halitoki ila kwa kufua. Losheni na mafuta ya nazi visubiri hadi kazi imewekwa kando.

Dalili: Kitambaa hakina upana mmoja, upande mmoja mwembamba, mwingine mpana

Hii ni ndugu wa dalili iliyotangulia. Kazi iliyofumwa adhuhuri imebana, iliyofumwa usiku baada ya kuoga imelegea, na mtu anaziunganisha katika kitambaa kimoja.

Tofauti ndogo hukua. Tuseme asubuhi unapata vitanzi 20 kwa sentimita 10, na mchana vidole vikiwa na jasho unapata 21. Kitanzi kimoja tu. Katika safu ya vitanzi 200, ya kwanza itakuwa na sentimita 100, ya pili sentimita 95 na kidogo. Kitambaa cha meza hakiwezi kuficha upungufu wa karibu sentimita 5.

Pima basi, na upime kazi ikiwa kavu na imepoa, imelala juu ya kitu bapa, wala si pajani. Ukigundua kwamba mchana unabana, ongeza ukubwa wa sindano kwa hatua moja, mfano kutoka milimita 4 kwenda 4.5, kwa kazi ya mchana pekee. Njia ninayoipenda zaidi ni kuchagua kazi ya vipande. Fuma miraba midogo inayoanza na kuisha ndani ya kikao kimoja, uiloweshe, uinyooshe kwa pini ikauke katika kipimo kimoja, kisha uiunganishe. Kubana kwa adhuhuri hakutaonekana popote. Miraba ina faida ya pili, kwamba hukai na blanketi zima mapajani katika joto.

Kama unafuma sufu halisi, kama wafanyavyo watu wa nyanda za baridi, jihadhari na paja hilohilo. Sufu ikipata joto, unyevu na msuguano kwa pamoja husongamana, nyuzi zikashikana na zisirudi. Sehemu ya sweta inayolala kwenye paja lenye jasho kwa wiki kadhaa inaweza kuanza kuwa nzito na kavu mkononi kuliko nyingine. Weka kanga iliyokunjwa kati ya kazi na mwili.

Dalili: Sindano ya kudarizi inakwaruza, au imeacha doa la kahawia

Chumvi ya jasho pamoja na hewa ya bahari hula sindano haraka. Mara nyingi inaanza kwa kukwaruza tu, inapita kwenye kitambaa kwa ukaidi, na ukiipitisha kati ya vidole unahisi ukakasi. Usingoje doa. Ichome mara kadhaa kwenye kimfuko kilichojaa unga wa msasa. Ukakasi usipoisha, itupe. Sindano moja ni rahisi kuliko foronya.

Kosa lililo baya zaidi ni kuiacha sindano imechomwa katikati ya kazi hadi kesho. Usiku umande unashuka, asubuhi kuna kidoa cha kutu chenye umbo la sindano. Ichome pembeni kabisa, mahali patakapokunjwa, au iondoe na kuiweka kwenye kipande kikavu cha kitambaa cha sufu ndani ya kijaluba.

Kutu kwenye pamba nyeupe hutoka kwa ndimu na chumvi: kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani, suuza vizuri, rudia ikibidi. Usitie dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Klorini hulikoleza doa la kutu na kulifanya la kudumu. Uzi wa rangi ujaribu kwanza kwa nyuma, maana ndimu inaweza kuupausha.

Dalili: Madoa, na hujui yametoka wapi

Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu tiba ya doa moja ni sumu ya jingine. Kabla hujalitia maji, litazame, linuse, liguse kwa ncha ya kidole, kisha inua macho uangalie kilichoko juu yako.

Kama umekaa chini ya mwembe na kitambaa kina vitone vinavyonata, vinavyong'aa kama sukari iliyoyeyuka, huo ni umajimaji mtamu unaotolewa na wadudu wadogo wanaonyonya majani. Ukiuacha, ukungu mweusi huota juu yake na kitambaa kinaonekana kimepakwa masizi. Maji ya uvuguvugu na sabuni yanatosha ukiwahi. Ni ishara pia kwamba unapaswa kuhamisha mkeka. Utomvu wa mwembe wenyewe, unaotoka tawi au kikonyo cha embe kikivunjika, ni jambo jingine. Una ulimbo, unaweza kuwasha ngozi, na maji hayauwezi. Futa kwa pamba iliyotiwa spiriti, ukitoka pembezoni mwa doa kuelekea katikati, kisha fua.

Mgomba na mkorosho viogope. Utomvu wa mgomba hauna rangi ukiwa mbichi, na ndiyo hatari yake: unaona tone la maji, unalipuuza, na saa chache baadaye limekuwa kahawia. Maji ya bibo ni vivyo hivyo. Ukiwahi likiwa bichi, suuza kwa maji mengi baridi na sabuni, papo hapo, hata kama ni lazima uache safu katikati. Likikauka, usipoteze siku zako. Darizi ua juu yake. Nasema hivyo kwa dhati. Madoa ya mgomba yamekaa kwenye nguo za shamba za wakulima tangu zamani, na hayatoki.

Udongo mwekundu una tiba inayopingana na silika. Kila mtu hukimbilia maji. Usifanye hivyo; maji huusukuma udongo ndani ya uzi. Uache ukauke kabisa, upige kwa kiganja kwa upande wa nyuma, usugue kwa brashi laini, ndipo ufue. Kinyesi cha ndege nacho kiache kikauke kwanza. Chavua ya maua usiisugue wala kuilowesha: ibandue kwa utepe wa kunata (selotepu), kubandika na kuvuta.

Ukijani wa majani ya bustani hufifia kwa spiriti. Damu ya kidole kilichochomwa hutoka kwa maji baridi, na lazima yawe baridi, kwa kuwa maji ya moto huigandisha ndani ya uzi. Wadarizi wengi hulowesha uzi mweupe kwa mate yao wenyewe na kulidonoa doa likiwa bado bichi, na inafanya kazi kwa kidoa kidogo.

Kuna doa moja la siku hizi linalowachanganya wengi: doa la rangi ya chungwa au kutu linalojitokeza *baada* ya kufua, pale ambapo mwanzo hapakuonekana kitu. Uliza kama mwenye kazi, au mtoto aliyemlalia, alijipaka krimu ya kukinga jua. Krimu nyingi zina kemikali iitwayo avobenzoni, ambayo ikikutana na chuma kilichomo katika maji, hasa ya kisima, hufanya doa kama la kutu. Litibu kama kutu, kwa ndimu, bila klorini. Na ukijipaka krimu, isubiri ikauke na uoshe viganja kabla ya kushika uzi.

La mwisho ni duara la uchafu lenye ukubwa wa fremu yako ya kudarizia. Fremu hubana kitambaa, jasho na vumbi hukusanyika kwenye ukingo, na ukiiacha siku tatu duara linakuwa sehemu ya kazi. Zungushia pete ya ndani utepe wa pamba nyeupe, na uivue fremu kila unaponyanyuka, hata kama unakwenda kunywa chai tu.

Dalili: Rangi uliyochagua nje inaonekana tofauti ndani

Tazama juu tena. Turubai la buluu juu ya kichwa chako linapaka kila kitu ubuluu, na chini ya majani mabichi mazito mwanga una ukijani. Uzi wa krimu unaonekana mweupe, wa waridi unaonekana wa zambarau. Kivuli cha makuti ndicho bora kwa kuchagua rangi, kwa sababu hakiongezi rangi yake. Kama huna makuti, toka mara moja hadi kivulini mwa ukuta mweupe, vua miwani ya jua, linganisha nyuzi hapo, kisha rudi mahali pako.

Kama tofauti haikuwepo siku ya kwanza na sasa ipo, rangi imepauka. Jua letu ni kali. Karibu na ikweta kipimo cha mionzi ya jua (UV) adhuhuri hufika 11 na zaidi, kiwango ambacho duniani huhesabiwa cha hatari kabisa, na milimani huzidi, kwani kila mita 1000 za kupanda huongeza takriban asilimia 10. Nyuzi hazilingani kwa ustahimilivu. Akriliki huvumilia jua vizuri sana, hariri na nailoni huharibika upesi, hata kupoteza nguvu. Kwa pamba inategemea rangi iliyotumika. Kabla ya kuanza kazi kubwa yenye nyuzi usizozijua, zungusha kila rangi kwenye kipande cha kadibodi, funika nusu kwa karatasi ya fedha ya kuokea, uweke dirishani penye jua kwa wiki mbili. Fungua, ulinganishe. Uzi ulioonyesha mpaka kati ya nusu mbili usiutumie kwenye kitambaa kitakachokaa barazani.

Dalili: Uzi unatatizika, unajifunga mafundo

Kwanza urefu. Uzi wa kudarizi usizidi dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, yaani sentimita 45 hadi 50. Nje, mtu huona uvivu wa kutia uzi kila mara, anakata dhiraa mbili, na upepo unamaliza hesabu. Uzi mrefu hupita kwenye kitambaa mara nyingi mno, ukachakaa na kutoa manyoya kabla haujaisha.

Pili upepo wenyewe. Alasiri upepo wa bahari huongezeka. Ukitumia mkono wa kulia, kaa upepo utoke kushoto, ili uzi upeperuke mbali na sindano, usirudi juu ya mshono. Donge la uzi liweke ndani ya kikapu cha ukili chenye mdomo mwembamba au bakuli zito, miguuni, upande uliokingwa. Kikapu kikiwa na miiba ya ukili kwa ndani, kitandike kanga kuukuu. Mkeka, kiti cha henzirani na boganvilia nzuri uliyoiegemea vyote hunasa uzi kwa namna hiyohiyo. Karatasi ya mchoro ibane kwa vibanio vya nguo.

Uzi ukiwa umejisokota wenyewe bila upepo, inua kazi, iachie sindano ining'inie hewani. Itazunguka mpaka uzi utulie. Fanya hivyo kila baada ya mishono kumi na kitu.

Dalili: Macho yanachoka, kichwa kinauma

Mara nyingi umekaa juani ukidhani mwanga zaidi ni bora zaidi. Kitambaa cheupe juani hurudisha mwanga wote machoni. Kaa kivulini ukielekea penye mwanga mpana, mwanga ukitoka upande usio wa mkono wa kazi, ili kivuli cha mkono kisiangukie mshono. Vivuli vya majani yanayotikisika vinachosha kuliko jua lenyewe. Kwa kitambaa cheusi, kama buibui linalodariziwa mikononi, tandika kanga nyeupe mapajani chini yake, na matundu yataonekana. Aliyevuka miaka 40 na anasogeza kazi mbali ili aione anahitaji miwani ya kusomea.

Ila kichwa kikiuma pamoja na kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukakamaa, hilo si jambo la macho. Ni joto. Acha kazi, ingia kivulini penye hewa, kunywa maji taratibu. Kazi ya kaka na dada wa pwani ni ya asubuhi hadi saa nne, na ya alasiri kuanzia saa kumi. Saa za katikati ni za kupumzika.

Na mnazi usikae chini yake, hata kama kivuli chake ndicho pekee kilichopo. Nazi na kuti havitoi taarifa.

Dalili: Wadudu hawakuachi ukae

Ukiumwa ghafla shingoni na mikononi ukiwa chini ya mwembe, mlimau au mkarafuu, tafuta majani yaliyounganishwa kuwa kibunda. Hao ni maji moto, aina ya sisimizi wa mitini. Inafaa kuwatazama kwa mbali, maana nao ni washonaji: hukunja majani na kuyaunganisha kwa hariri inayotoka kwa mabuu wao wenyewe. Usipige kiota wala kukichoma moto. Hamia mti mwingine; walaji hawa wa wadudu ni walinzi wazuri wa matunda yako.

Mbu wa mchana, yule mwenye madoa meupe miguuni, hung'ata zaidi asubuhi na kabla ya magharibi, saa hizohizo nzuri za kazi, na ndiye anayeeneza homa ya dengi, iliyopiga Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Vaa nguo ndefu nyepesi, mwaga maji yaliyotuama kwenye vyungu vya maua. Ukijipaka dawa ya kufukuza mbu, soma chupa. Yenye DEET haidhuru pamba wala sufu, lakini huyeyusha baadhi ya plastiki: sindano za kufumia za plastiki, vifungo, fremu za miwani, pia huharibu rayoni na nyuzi za kunyumbuka. Ipake, ngoja ikauke, osha viganja kwa sabuni, ndipo ushike kazi. Dawa ya kuchoma iweke mbali upande upepo unakoelekea, kwa kuwa sufu hushika harufu ya moshi kwa muda mrefu.

Sisimizi wakijazana kwenye kitambaa cha kroshia kilichokamilika, swali ni moja: umekikazia nini? Wengi hukaza vitambaa kwa maji ya sukari, vinasimama vizuri sana, na kaskazi unyevu unairudisha sukari kuwa nata. Kifue, kikaze upya kwa wanga wa muhogo uliopikwa mwepesi.

Dalili: Kazi iliyohifadhiwa inanuka ukungu, au ina vitundu

Inatokea masika, ila chanzo chake ni jinsi ulivyoifunga kazi mwisho wa kaskazi. Kazi iliyobeba jasho na joto la mchana ikitiwa moja kwa moja kwenye mfuko wa plastiki hutoa unyevu wake humo humo. Iache ipoe kivulini penye hewa kwanza, kisha iweke kwenye mfuko wa pamba. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, na kwa uzi huu ulikuwa uamuzi mwema. Kazi ambayo haitaguswa hadi kusi ifuliwe hata kama inaonekana safi. Jasho lisiloonekana hugeuka unjano.

Vitundu kwenye sufu au hariri ni viwavi vya nondo wa nguo. Pamba safi hawaili. Karafuu kwenye kabati hunukia vizuri na sizikatazi, lakini haziui kiwavi aliyekwisha ingia. Kinachoua ni baridi: funga sufu kwenye mfuko usiopitisha hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, itoe na uiache irudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufungua mfuko, ili umande usishike uzi. Kama umeona vitundu kwenye *pamba* iliyokazwa kwa wanga, tafuta mende.

Ukungu ukishaota, toa kazi nje, ipige brashi mbali na pua yako na mbali na nyuzi nyingine, ianike juani saa moja au mbili, kisha uifue kwa sabuni na siki kidogo. Halafu jaribu uzi wenyewe: chukua kipande cha shubiri moja, kivute kati ya mikono miwili. Ukikaza, kazi inaendelea. Ukikatika kwa mvuto mwepesi, umeoza kwa ndani. Fumua sehemu iliyoshikwa, rudi nyuma hadi ufike kwenye uzi mzima, uunganishe hapo uzi mpya.